Wiki ya tatu bila ngano hapa Nairobi: unga upi umewafaa, na upi umewachezea shere?

Nyanya_Chungu (mleta uzi), Zimmerman

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tangu mwaka jana tumbo langu linajaa kama ngoma kila jioni, na upele unanitoka nyuma ya shingo. Nimemeza dawa za minyoo, dawa za asidi, na mwarobaini wa mama mkwe. Mwishowe nikaenda kwa mtaalamu wa lishe akaniwekea mlo wa mchujo: naondoa ngano, maziwa, mayai, soya, njugu na samaki kwa wiki sita, halafu narudisha kimoja kimoja. Kila ninachokula na kila mwili unavyojibu naandika kwenye daftari.

Nikajiambia hii ni rahisi, mimi ni mtu wa ugali. Siku nne za kwanza nilikula nduma, viazi vitamu, ugali na sukuma, nikajiona shujaa. Siku ya tano ikawa Jumapili. Nyumba yangu Jumapili ni chapati, na mpishi ni mimi. Nilisimama pale nikigeuza chapati kumi na nane za watu wengine, jikoni kunanukia, halafu nikaketi kula kiazi.

Lakini chapati siyo iliyonimaliza. Kilichonimaliza ni uji. Nilikuwa nimeacha mkate wa asubuhi nikanunua unga wa uji dukani, pakiti ina picha ya shuke la wimbi. Kikombe kikubwa kila asubuhi, siku tisa. Tumbo lile lile. Siku ya kumi, nikisubiri maji yachemke, ndipo nikageuza pakiti: wimbi, mtama, mahindi, soya, karanga. Vitu viwili nilivyokatazwa nimekuwa nikivinywa mwenyewe, na daftari lina kurasa tisa za uongo. Nimeanza kuhesabu upya.

Sasa nimenunua wimbi Marikiti, gorogoro mbili, na mtama gorogoro moja. Maswali ni mawili. Kwanza, kisiagi cha mtaani kitaniharibia? Pili, kuna binadamu aliyewahi kupika chapati isiyo ya ngano ambayo haikukatika ikiwa bado kwenye kibao?

---

Kiberiti_Moto

Magonjwa ya matajiri wa Westlands hayo. Shosho wangu alikula wimbi miaka 90 bila mtaalamu wala daftari.

---

Nyanya_Chungu

Shosho wako alikula wimbi, mimi nimelelewa na mkate na mandazi ya saa nne. Ndiyo maana niko hapa kuuliza. Leta njia ya shosho au keti.

---

Mzee_wa_Kisiagi, Githurai

Mama, pole na hongera. Mimi ndiye mtu wa kulaumiwa, nasaga mwaka wa kumi na moja huu. Acha nikwambie jambo ambalo wateja hawaulizi.

Ngano kwa kisiagi huja mara chache, watu wananunua ya pakiti. Kinachonitia wasiwasi kwako ni chakula cha kuku. Mchana mfugaji analeta mahindi, soya na omena, na mashine ni ile ile. Nyundo zinapiga, unga unapita kwenye chujio, unapulizwa juu kisha unashuka kupitia mfuko wa kitambaa. Mfuko huo ndio mwizi. Nikizima mashine, bado kuna unga umeganda kwenye mishono. Ukifuata nyuma ya mtu wa kuku, kilo yako ya kwanza inabeba omena zake. Wakati mwingine hata harufu utaisikia.

Kwa hiyo njoo asubuhi na mapema, kabla mtu hajasaga. Mwambie fundi aukung'ute mfuko, tena umsimamie, maana tukiachwa peke yetu tunakung'uta kwa mdomo. Halafu toa kilo moja ya mahindi ya bei rahisi yapite kwanza, unga huo wape kuku wa jirani. Ndipo wimbi ipite. Na ije kavu kabisa, yenye unyevu inaziba chujio na fundi atakununia.

Hiyo ni kwa mtu wa tumbo kujaa. Mwenye mzio wa njugu ule wa koo kufunga, asije kwangu hata alfajiri. Anunue mashine ndogo ya umeme asagie nyumbani kwake. Sitaki maiti mlangoni.

Jambo la mwisho kabla mteja hajafika. Mkiacha ngano mnahamia mahindi asubuhi, mchana na jioni. Basi chagueni mahindi. Punje yenye ukungu au iliyobadilika rangi itoe, usiseme moto utaua. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya jirani watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo.

---

Binti_wa_Amu, South B

Dada, mbona mnateseka na nyinyi mna ndugu wa Pwani? Vitumbua ni mchele mtupu. Loweka mchele usiku kucha, uchuje, usage kwa blenda pamoja na tui zito, hamira kijiko kidogo, iliki na sukari. Saga mpaka ukisugua katikati ya vidole usihisi chembe. Lamu unaumuka ukiwa unafunga mlango. Nairobi ya Julai mimi huweka bakuli ndani ya sufuria ya maji vuguvugu na kusubiri hata kwa muda wa saa mbili. Chuma kipate moto, mafuta tone kila tundu, mimina, geuza kwa kijiti. Chai ya rangi pembeni, hutakumbuka mandazi.

Tahadhari mbili. Vitumbua vya kununua barabarani uliza kwanza, kuna wanaotia unga wa ngano ili vishikane haraka. Na mkate wa kumimina, ingawa nao ni wa mchele, wengi hutia ute wa yai. Wako usitie.

---

Jirani_wa_Ngara

Nije kwa swali la chapati, maana hili nalijua kwa macho.

Nilikulia Ngara, ukuta mmoja na familia ya Kigujarati, na bibi wa nyumba hiyo alikuwa akipika rotlo, yaani chapati ya mawele, karibu kila jioni. Unga, maji ya moto na chumvi. Hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna ngano. Nilikaa mlangoni mwake miaka mingi nikidhani ni uchawi.

Siri ya kwanza ni maji yachemke kwelikweli. Ngano inashikana kwa gluteni. Mawele, mtama na wimbi hazina, kwa hiyo unaunguza unga kwa maji moto ili wanga uvimbe na kunata. Ni kama umeanza kusonga ugali ukaghairi. Siri ya pili ni kukanda kwa kisigino cha kiganja, kusukuma mbele na kukunja, dakika tatu nne, mpaka donge liwe laini kama sikio. Siri ya tatu ndiyo inayowashinda wengi: kanda donge la rotlo moja tu, uipike, ndipo ukande la pili. Ukikanda la watu sita kwa pamoja, la mwisho litakuwa limekauka na kupasuka kando. Huyo bibi hakutumia kibao wala kifimbo cha kusukumia. Alipigapiga kati ya viganja, pa, pa, pa, akizungusha, mpaka ikawa duara.

Kama viganja vyako havijui ngoma hiyo, weka donge kati ya vipande viwili vya nailoni, ukandamize kwa sahani. Na kwa kuanzia tia kijiko kimoja cha isabgol kwenye vikombe viwili vya unga. Ni yale maganda ya mbegu ambayo wazee hunywa kwa choo kigumu, maduka ya dawa na ya Wahindi yanayo. Ikilowa inakuwa kama ute na inashika unga vizuri sana. Wengine huponda kiazi cha kuchemsha humo. Inafaa pia, ila italiwa siku hiyo hiyo.

Ukienda kwenye maduka hayo ya Ngara au Parklands jua majina. Bajri ni mawele, juwar ni mtama, nachni ni wimbi, makai ni mahindi, sabudana ni punje za wanga wa muhogo. Hizo ni zako. Suji ni ngano. Dalia ni ngano. Maida ni ngano. Nimeona mtu akibeba suji kwa furaha akidhani ni nafaka mpya.

---

Nyanya_Chungu

Suji ni ngano?? Nilikuwa na nusu kilo kabatini nikiitunzia Jumapili. Asante jirani, umeokoa daftari.

---

Omwami_wa_Busia, Umoja

Mmezungumza yote mkasahau ugali wa kweli. Kwetu tunasaga muhogo mkavu na wimbi au mtama pamoja. Muhogo ndio unaonata, wimbi ndiyo ladha. Mimi hupima sehemu mbili za wimbi kwa moja ya muhogo. Ukizidisha muhogo utavuta ugali kama raba ya manati. Unga huo huo ukiusonga laini kidogo, unaweza kuutandaza kwenye kikaango.

Muhogo mchungu usicheze nao. Una sumu ya sayanaidi, ndiyo sababu mama zetu huumenya, huuvundika siku kadhaa na kuuanika. Ukinunua Nairobi, nunua kwa mtu anayejua ulikotoka na ulivyotengenezwa. Mimi naletewa na dada yangu kwa basi la usiku.

---

Mlishe_Mtaani

Nimesoma kimya, sasa niingie. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo mniwie radhi nikiwakera.

Mleta uzi, kabla hujaacha ngano ulipimwa siliaki? Ni ugonjwa ambao mwili unajishambulia utumbo wenyewe kwa sababu ya gluteni ya ngano, shayiri na nafaka ya rai. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo hupungua ukiacha ngano. Mtu anaacha miezi mitatu, anapimwa, anaambiwa hana, kumbe anao. Kipimo kwanza, mchujo baadaye. Wengine mnaosoma hapa na hamjaanza, hili ndilo la kwanza.

Pili, si kila anayepata nafuu akiacha ngano ana shida na gluteni. Ngano ina sukari ziitwazo fruktani ambazo utumbo mdogo haumeng'enyi. Zinafika chini, bakteria wanazichachua, gesi hiyo. Kuna utafiti wa Norway uliochapishwa 2018, watu 59 walioamini gluteni inawadhuru walipewa vipande vya chakula bila kujua kilichomo. Fruktani ziliwasumbua kuliko gluteni. Na fruktani hazimo kwenye ngano tu. Zimo kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, yaani kwenye kila sufuria ya Nairobi kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Tatu, msiishi kwa muhogo. Ni wanga karibu mtupu, protini yake ni haba mno. Wimbi ni bora zaidi kwako uliyeacha maziwa: gramu 100 zina kalsiamu kama miligramu 340, na maziwa uzito huo huo ni kama 120. Usishangilie sana, kwa sababu wimbi pia ina faitati inayozuia mwili kuchukua sehemu ya madini hayo. Kuloweka na kuchachusha huipunguza. Uji uliochacha siku mbili, ule wa shosho wa Kiberiti, haukuwa wa ladha tu.

Na jamani, mchujo wa watoto msiuanze kwa ushauri wa uzi. Mtoto hupungua uzito haraka. Tafuteni mtaalamu aliyesajiliwa na KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe Kenya.

---

Kiberiti_Moto

Shosho ametajwa kwa heshima. Nafuta nilichosema.

---

Chapo_Kwanza

Unga wa dengu je? Hauna ngano, unapatikana kila mahali, na chapati zake hazikatiki.

---

Nyanya_Chungu

Chapo_Kwanza, nilikuwa na wazo lako. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu nianze upya, sikilizeni yaliyonikuta.

Nilipimwa siliaki, sina. Mlishe, asante kwa kuuliza, kwangu walipima kabla.

Wimbi kwanza. Niliipepeta kwa ungo, halafu nikaiosha kwa beseni, mara nne, kila mara nikiimimina polepole ili mchanga ubaki chini. Mchanga uliobaki ungetosha kuziba ufa. Nikapanda nayo juu ya ghorofa, nikaitandaza kwenye shuka katikati ya nguo za wapangaji. Shorewanda wakaja kama walioalikwa. Nilikaa pale siku nzima na fimbo na redio, mama wa ghorofa ya tatu akaniuliza kama nimehamia kijijini. Jioni ilikuwa kavu. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni mwa kisiagi, fundi anapiga mswaki. Akaukung'uta mfuko huku ananitazama kama polisi wa jiji. Mahindi yakatangulia. Unga wangu ukatoka na rangi ya udongo uliolowa, na uji wake, jamani, ulikuwa na ladha ambayo pakiti haijawahi kunipa.

Tumbo likatulia siku tano mfululizo. Nimeandika siku tano kwa kalamu nyekundu.

Siku ya sita nikapata kiburi nikapika chapati za unga wa dengu. Ziliiva manjano, laini, zikakunjika bila kukatika. Nilikula nne. Kufikia saa nne usiku nililala kwa magoti. Mlishe, nini kile? Dengu hazimo kwenye orodha yangu ya kukatazwa.

---

Mlishe_Mtaani

Pole, mama. Dengu hazina gluteni lakini, kama maharagwe, zina sukari nyingine ambazo nazo huchachuka tumboni kama fruktani. Nne kwa mpigo ni nyingi kwa mtu yeyote. Ila usiandike kwamba zinakudhuru. Andika kiasi, saa, na ulizila na nini.

---

Nyanya_Chungu

Na mchuzi wa vitunguu vitatu.

---

Mlishe_Mtaani

Basi umejijibu nusu. Ongea na mtaalamu wako uondoe vitunguu pia kwa wiki mbili. Majani ya kijani ya kitunguu unaweza kutumia, nyeupe ya chini tupa. Ukitaka harufu ya kitunguu, tumia mvuje (hing ya Wahindi) kidogo kwenye mafuta, lakini soma kopo: mvuje wa dukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Tafuta ule uliochanganywa na unga wa mchele.

---

Chapo_Kwanza

Yaani hata mvuje. Dunia hii.

---

Msafiri_wa_Eastleigh

Injera, chapati pana ya Waethiopia, mmeisahau. Unga wa tefu, nafaka yao ndogo, upo maduka ya Waethiopia hapa, bei yake inauma. Mahotelini uliza, maana injera nyingi za Nairobi zina tefu kidogo na ngano au shayiri nyingi. Jirani yangu huchachusha tefu tupu siku tatu na inatoka kahawia iliyokolea. Ukiona nyeupe sana, uliza tena.

---

Mzee_wa_Kisiagi

Nimesoma habari za fundi na mswaki nikacheka peke yangu. Wiki hii wamekuja wateja watatu wakiniambia nikung'ute mfuko. Nimeandika kwenye ukuta: WA UNGA MMOJA WAJE ASUBUHI, WA KUKU MCHANA. Mfugaji mmoja amenuna.

---

Nyanya_Chungu

Wadau, narudi. Wiki sita zimekwisha tangu niliporudi mwanzo, na kurudisha vyakula kumeanza.

Mayai yalipita, siku tatu za kula na siku tatu za kupumzika, hakuna kitu. Maziwa, chai moja siku ya kwanza sawa, glasi nzima siku ya tatu upele ukachungulia shingoni. Nimeyaweka kando, tutazungumza baadaye. Ngano ilikuja wiki iliyopita. Siku ya kwanza nusu chapati, kimya. Siku ya pili moja, kimya. Siku ya tatu mbili na chai ya rangi, saa kumi jioni ngoma ikaanza, ingawa si ile ya zamani. Mtaalamu anasema huenda ni kiasi, na tusifunge jalada bado.

Kuhusu rotlo. Jumapili nilijaribu ya mawele, maji ya moto, isabgol, donge moja moja kama Jirani alivyosema. Ya kwanza ilikatika vipande vitatu. Ya pili ikawa na umbo la ramani ya Kenya. Ya tano ilikuwa duara, ikavimba katikati, na kijana wangu wa miaka tisa akaichukua kutoka kikaangoni kabla sijaipiga picha. Alikula na maharagwe, akauliza kama kuna nyingine. Chapati za ngano za wengine zilikuwa kwenye hotipoti, hakuzigusa.

Mtama gorogoro moja bado uko kwenye debe sijausaga. Mwenye njia ya mkate wa mofa asisite kuniwekea hapa.

Kesho ni zamu ya kitunguu. Nitaanza na robo.